Mikono Mitupu Mbele ya Mashine

Valdelice hakuwa mtu wa salamu. Sisi tuliofanya kazi kwenye mashine ya mkonge ya Seu Gildásio (seu kwetu ni bwana, dona ni bibi) tulipofika shambani asubuhi, hata vikopo vya chakula hatujaviweka kivulini, tulimkuta amesimama mbele ya injini, kisu cha kukatia majani kimening'inia kiunoni, na neno lake la kwanza lilikuwa lile lile: "Nionyesheni mikono, jamani." Tukanyoosha mikono mbele kama watoto wa shule wanaokaguliwa kucha. Shati likunjwe mpaka juu ya kiwiko. Pete, vua. Saa, vua. Bangili, uzi, kamba, chochote kinachozunguka mkono, toa. Asiyetoa hasogei, na mashine haiwaki.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuanika singa, zile nyuzi za mkonge, kwenye nyaya, mbali kabisa na mashine, na bado nilikaguliwa.

"Shoga, mimi naanika tu," nilimwambia siku za mwanzo.

"Na siku ukiitwa kusaidia kule mbele, Zeferina, utakwenda na mikono ya nani?"

Nilinuna, kwa sababu mimi ni mtu wa kununa, lakini bangili nilivua.

Watu walimtania. Walimwita Sista wa Viganja. Erivelton, aliyekuwa anampokea kulisha mashine akichoka, bwana mwenye masharubu mazuri na maneno mengi, alikuwa anamnyooshea mikono huku amefumba macho na kusema, "Nibariki, Sista, nina dhambi za tangu jana." Valdelice anampiga kofi dogo la kiganja na kumwambia apite, na yeye mwenyewe anacheka. Nalisema hili makusudi, maana siku hizi watu wanamsimulia kana kwamba alizaliwa na uso wa msiba. Alikuwa anacheka sana.

Mashine yenyewe ni kitu cha kawaida kwetu, kila shamba inapita. Kuna injini ya dizeli, kuna mkanda, na kuna ngoma ya chuma yenye visu butu inayozunguka ndani ya sanduku. Sanduku lina mdomo usawa wa kifua. Mlishaji anasimama mbele ya mdomo huo, anaingiza jani la mkonge mpaka nusu, ngoma inakwangua nyama yote ya kijani, analivuta, analigeuza, anashika zile singa zilizokwisha toka na kuingiza nusu iliyobaki. Halafu jani jingine, na jingine, mpaka jua linazama. Singa mbichi zinateleza. Ubaya unaanzia hapo, maana mtu akiona zinateleza anazizungusha mkononi ili azishike vizuri.

Erivelton alijaribu kufanya hivyo siku moja, na Valdelice akamchapa begani kwa jani bichi.

"Ukizizungusha hivyo," alimwuliza, "nani anamvuta nani?"

"Mimi ndiye ninayevuta, Dona Valdelice."

"Wewe na injini, nani ana nguvu?"

"Injini."

"Basi rudi pale, ushike kwa vidole, na zikiteleza ziache ziende. Singa zipo nyingi."

Hakuyapata maneno hayo kwenye semina. Kabla yake aliyekuwa analisha mashine ile ni mumewe, Aurelino, fundi mwenye kasi, na kiburi kidogo cha watu wenye kasi. Aurelino alikataa kuvua pete ya ndoa. Alisema aliivishwa na padri na padri ndiye atakayeivua. Siku moja singa zikaingia chini ya pete. Nilimwona kwa macho yangu amesimama anautazama mkono wake, halafu anatutazama sisi mmoja mmoja, kana kwamba kuna mtu kati yetu amemchukulia kitu chake. Vidole vinne viliondoka pamoja na nusu ya kiganja. Tulitafuta kwenye makapi ya kijani, kisha tukaacha kutafuta.

Seu Gildásio alileta gunia la maharage na kuku wawili, akalia machozi ya kweli. Seu Gildásio si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Angekuwa mbaya tungejua pa kumshika. Alipokwisha kulia alijifuta uso kwa kofia, akauliza nani sasa atalisha mashine, maana majani yalikwisha katwa na yalikuwa yanakauka. Valdelice aliingia ndani, akavua pete yake mwenyewe, akaiweka chini ya sanamu ya Bikira Maria, akatoka. "Mimi," alisema.

Tangu siku ile mashine yetu haikumgusa mtu. Mashine za jirani ziliendelea na kazi yake ile nyingine. Nenda soko la Jumamosi pale Lajedo, utazame wanaume wanaopokea vitu kwa mkono wa kushoto, halafu uniambie kama ninapiga chuku. Sisi tulikuwa na vidole vyetu vyote, na tuliona ni jambo la kawaida, kama mtu mzima anavyoona kupumua ni jambo la kawaida.

Yeye hakuona hivyo. Kila msimu alimwomba Seu Gildásio vitu viwili: bamba la chuma la kuongezea mdomo wa mashine, liwe refu kuliko mkono wa mtu ili kiganja kisiweze kuifikia ngoma, na kamba ya kuzimia injini, ining'inie karibu na mlishaji. Aliomba kwa heshima, kofia mkononi.

"Bamba litatupunguzia kasi, Dona Valdelice," Seu Gildásio alimjibu. "Mwaka ujao tutaona."

"Mwaka jana ulisema mwaka ujao."

"Na je, si umekuja?" akacheka, na sisi tukacheka naye, kwa sababu mwenye mashine akicheka watu hucheka.

Badala ya kamba ile alijitengenezea dawa yake: aliegemeza mti mrefu kando ya injini, wa kuupigia mkanda utoke kukitokea jambo. Makapi yanayoteleza aliyafagia mwenyewe miguuni pake. Ndivyo tulivyoishi, mpaka mama yake Erivelton alipokwenda kuhiji kanisa la Bonfim, mjini Salvador.

Dona Amerina alikuwa mgonjwa wa moyo wa siku nyingi, ugonjwa ule wa mdudu anayekaa kwenye nyufa za kuta za udongo. Miguu ilimvimba, alilala amekaa. Daktari alishamwambia ukweli na yeye alishatuambia sisi. Kutoka Bonfim alileta utepe, akamfunga mwanawe kifundoni mwa mkono kwa mafundo matatu. Tepe hizo tunazijua sote. Kila fundo lina ombi lake, na utepe haukatwi, unaachwa uchakae mpaka udondoke wenyewe. Ukidondoka, ombi limefika. Ukiukata, ni kumrudishia mtakatifu ombi lako usoni. Zamani zilikuwa za pamba, zinaisha upesi tu. Siku hizi ni za nailoni, unaweza kumfungia mbuzi na asiende popote.

"Huo ni nini?" Valdelice aliuliza asubuhi ile.

"Ni wa mama. Amenifunga mwenyewe, kwa ajili ya moyo wake."

"Mwambie asante, halafu utoe."

"Dona Valdelice, huu hautolewi. Unajua vizuri."

"Basi leo utabeba makapi."

"Mimi nibebe makapi? Na masharubu haya?"

Tulicheka. Alijaribu kuusukuma utepe juu ya mkono, ukarudi chini. Akafunga kitambaa juu yake, Valdelice akamwambia sasa ana vitu viwili vya kunaswa badala ya kimoja. Jua lilikuwa linapanda na injini imelala. Mwishowe Erivelton alinyoosha mkono na kugeuza uso pembeni.

"Haya, kata. Lakini dhambi ni yako."

"Iwe yangu. Tulia nisikukate ngozi."

Aliukata, akaukunja vizuri, akautia kwenye mfuko wa shati la Erivelton na kufunga kifungo. Halafu akawasha injini.

Dona Amerina alifariki kabla ya Kwaresima kwisha. Nilikwenda kwenye msiba pamoja na Valdelice, yeye amebeba chupa ya kahawa na mkate wa mahindi. Dada yake Erivelton alitukuta mlangoni, akaweka mkono kwenye fremu ya mlango.

"Kahawa yako hainyweki humu," alimwambia. "Umemkatia mama yangu uzi wake."

"Mama yako alikuwa na moyo mbovu tangu wewe hujaota meno ya utu uzima!" nilisema, kwa sauti, sikujizuia. "Daktari alisema, yeye mwenyewe alisema!"

"Na wewe, Zeferina, nyamaza usituletee mkosi mwingine."

Erivelton alikuwa amekaa karibu na jeneza. Aliinua macho akamwona Valdelice, akayateremsha. Angetukana ningemsamehe mapema zaidi, lakini alikaa kimya, na kile kimya watu wakakichukua kuwa ni ushahidi.

Kijiji chetu ni kidogo na kina kumbukumbu ya kuchagua. Watu walioshikana mikono na Valdelice miaka yote ile, wakiwa na vidole vya kushikana, walianza kusogea kanisani akikaa benchi lao. Kinamama walifanya ishara ya msalaba akipita. Mmoja alimvuta mtoto wake upande wa pili wa njia kana kwamba amepita ng'ombe mkali. Nyumbani, Aurelino alimwambia neno ambalo nilitamani kijiji kizima kilisikie.

"Wakutukane," alisema, na kile kipande cha mkono wake kiko juu ya meza. "Wewe endelea kukata. Mimi siku ile ningepata mtu wa kunivua pete kwa nguvu, ningemtukana mwezi mzima, na ningekuwa na vidole vya kumwonyesha ninavyomtukana."

"Wewe hukuyaona macho yao," Valdelice alimjibu.

Tuliporudi kazini baada ya msiba, Erivelton alikuja na utepe mpya, wa kumkumbuka mama yake. Valdelice alikuwa amesimama mahali pake. "Nionyesheni mikono," alisema, safari hii bila jamani. Erivelton hakunyoosha. Alimkaribia mpaka masharubu yakawa karibu na uso wake, akasema taratibu, "Mama amekwisha. Sasa unataka kuua nani?" Kisha akapita.

Nilimtazama Valdelice. Nilingoja achomoe kisu, au atukane, au hata alie. Alisogea kando, akamwachia njia. Kuanzia asubuhi ile aliendelea kusema nionyesheni mikono, na sisi tukaendelea kunyoosha, lakini alipoona utepe macho yake yaliruka yakaenda kwa mtu mwingine. Tepe zikaongezeka. Watu ambao hawajawahi kuomba hata mvua walikuja nazo, wengine ili kumkomoa tu.

Sikukuu ya Mtakatifu Yohana ilipofika, Seu Gildásio alirudi kutoka mjini na kibunda kizima cha tepe za rangi zote. Alizikata vipande kwa mkasi, akatufunga mmoja mmoja, amefurahi kweli.

"Hii ni kinga, jamani," alisema. "Msifikiri mimi siwajali."

"Seu Gildásio," Valdelice alisema, "mimi niliomba bamba."

"Bamba ni chuma, Dona. Hii ni imani."

"Chuma ndicho nilichoomba."

Watu walimzomea. Seu Gildásio aliinua viganja vyake laini. "Mambo ya imani siyaingilii," alisema, akaendelea kufunga mafundo. Mimi wangu niliupokea, nikaufunga kwenye shingo ya punda wa kubebea majani. Huyo hakulisha mashine yoyote na alikufa kwa uzee.

Katika waliofungwa siku ile alikuwepo Jucineide. Jucineide alikuwa mdogo wake Valdelice, mama yao alipokufa Valdelice alimlea, akamsomesha, akamwoza. Mumewe alikuwa amekwenda kusini kukata miwa. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, ya pili ikiwa kubwa, yenye nywele na kucha. Sasa alikuwa na ya tatu, na tumbo limeanza kuonekana. Alichagua utepe mweupe, na mafundo yote matatu aliyaombea kitu kimoja. Kazi yake ilikuwa kuondoa makapi nyuma ya mashine, huko ngoma haimfikii mtu.

Erivelton aliondoka. Dada yake alimshikilia asifanye kazi na muuaji wa mama, akaenda kulisha mashine ya shamba jingine. Akawa hayupo mtu wa kumpokea Valdelice. Jucineide alijua kulisha, dada yake alimfundisha zamani, na alikuwa mwepesi. Siku moja wakati wa chakula, tumekaa nyuma ya lundo la majani na sahani zetu za maharage na unga wa muhogo, alisema:

"Dada, mikono inakutetemeka. Acha nikupokee mchana."

"Toa utepe kwanza."

"Hapana."

"Lete nikukatie."

Jucineide alifunika kifundo cha mkono kwa mkono mwingine. "Ukikata," alisema, "na huyu naye akitoka kama wale wawili, nitakuangaliaje? Niambie, dada. Nitakuangaliaje usoni?"

Valdelice alikuwa ameshashika mpini wa kisu. Niliona mishipa ya mkono wake. Nikasema moyoni, kata, mama, kata, mshike kwa nguvu tukusaidie. Alikaa hivyo, kijiko kimoja cha maharage kinapoa mbele yake. Kisha akaachia mpini.

"Basi hutalisha," alisema.

"Basi sitalisha."

Valdelice akalisha mashine peke yake, wiki baada ya wiki. Alikonda. Usiku mume wake ndiye aliyemlisha, kwa ule mkono wake mmoja, kwa sababu yeye hakuweza kuinua kijiko. Seu Gildásio alimsifu mbele ya watu kwa bidii.

Siku yenyewe haikuwa na dalili yoyote. Hakukuwa na mawingu, hakuna mbwa aliyelia. Shamba lilikuwa linakaribia kwisha, kesho yake mashine ihamishwe, na majani yalikuwa yamerundikana mbele ya mdomo. Valdelice alikuwa na tumbo la kuhara tangu asubuhi. Ilipomzidi aliniambia, "Zeferina, waambie wasiguse," akakimbilia vichakani. Injini tuliiacha inaunguruma. Kila mtu kwetu huiacha, maana kuizungusha kwa mkono mpaka iwake tena ni kazi ya wanaume wawili na matusi mengi. Niliwaambia wasiguse. Nilimwambia na Jucineide, naye akatikisa kichwa, akaendelea na makapi yake. Nikageuka kwenye nyaya zangu.

Jucineide alitaka tu dada yake akirudi alikute lile lundo limepungua. Alituambia hivyo baadaye, na mimi namwamini.

Nilisikia sauti ya injini inazama, ile inayotoka ngoma inapopata kitu kigumu. Niligeuka. Jucineide amesimama mbele ya mdomo wa mashine, ameegemea sanduku kwa tumbo lake, na bega lake linakwenda mbele. Singa moja ilikuwa imejisokota kwenye ncha ya utepe, ikaushika, na utepe haukukatika. Nailoni haikatiki. Hakupiga kelele. Aliyepiga kelele ni mimi. Valdelice alitoka vichakani nguo bado ziko magotini, akaangusha mti wake kwenye mkanda kwa nguvu zote, mkanda ukaruka, ngoma ikazunguka ikazunguka kwanza, halafu ndiyo ikasimama. Tulipomtoa Jucineide mkono wake uliishia chini kidogo ya kiwiko.

Seu Gildásio aliendesha gari mwenyewe mpaka hospitali, anapiga honi na kulia. Valdelice alikaa nyuma, amemfunga mdogo wake mkono kwa mkanda wa kiunoni mwake na amemshikilia tumbo, njia nzima anasema na lile tumbo, sijui alisema nini.

Mtoto hakutoka. Alikaa, akakua, akazaliwa kwa wakati wake, msichana, mzima, mwenye sauti ya kuuzia samaki. Na sasa nisikilizeni watu wa kwetu. Walisema ni muujiza. Walisema utepe haukukatwa na mtu, uliondoka wenyewe, na ukiondoka wenyewe ombi limefika, na mtoto huyo hapo, nani atabisha? Walikuja na keki, na nepi, na kuku. Dada yake Erivelton alikuja pia, akambusu Valdelice mashavu yote mawili mbele ya watu. Walimsamehe. Walimwona amejifunza. Nilikaa pembeni na chai yangu, na niliogopa nikifungua mdomo nitavunja vyombo.

Bamba lilichomelewa mwezi ule ule wa ajali. Fundi alilimaliza mchana mmoja, na kabla jua halijazama mashine ilikuwa inafanya kazi kwa kasi ile ile. Seu Gildásio alimwonyesha kila aliyepita.

Wageni walipoondoka siku ile ya keki nilibaki kuosha vikombe. Mtoto alikuwa amelowa. Jucineide alimlaza kitandani, akashika pembe moja ya nepi kwa vidole na nyingine kwa meno, pembe ya tatu ikamponyoka. Alijaribu tena. Valdelice alisimama mlangoni, hakusogea, kwa sababu Jucineide alikuwa hapendi kusaidiwa kabla hajaomba.

"Dada," Jucineide alisema, bila kuinua kichwa. "Siku ile tunakula maharage, ulishika kisu. Nilikuona."

"Nilishika."

"Mbona hukukata?"

"Ulinikataza."

"Nilipokuwa mdogo nilikukataza usinitoe kwenye ukingo wa bwawa. Nilikuuma mkono. Ulinitoa."

Valdelice aliitazama ile nepi. Nami nilisimama na kikombe mkononi, maji yanatiririka.

"Niliogopa," alisema.

"Uliogopa mtoto angekufa?"

"Hapana. Hilo sijaliamini hata siku moja. Niliogopa utakavyoniangalia."

Jucineide aliachia nepi, akainua uso wake, akamwangalia dada yake kwa muda mrefu, bila hasira na bila chozi.

"Sasa nakuangalia," alisema. "Njoo umfunge mtoto, anapata baridi."